Tupeane uzoefu: kulala hoteli ndogo kwenye mitaa ya kale

Wadau, habari zenu. Napenda sana hizi hoteli ndogo za vyumba saba au nane, zilizo ndani ya nyumba za kale mijini. Naanza mimi, nanyi mwongeze ya kwenu.

Nililala Amsterdam, kwenye mitaa ya mifereji. Nyumba za kule ni nyembamba na ndefu, ngazi zake zimesimama wima utadhani unapanda darini. Chumba changu kilikuwa juu kabisa, na lifti hakuna. Nilipanda begi mkono mmoja, mwingine umeng'ang'ania kamba iliyofungwa ukutani. Asubuhi nikafungua dirisha, nikaona boriti yenye kulabu imechomoza juu ya nyumba ya ng'ambo. Kumbe tangu zamani mizigo huvutwa kwa kamba ikapitia dirishani, maana kwenye ngazi haipiti! Tangu siku ile silipi kabla sijauliza: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na dirisha linatazama wapi? Nyumba ya kale ni nadra kuwa na vyumba viwili vinavyofanana, na picha uliyoipenda huenda ni ya chumba cha jirani.

—

Hapo kwenye dirisha umenigusa. Nilikuwa Fes, Moroko, kwenye riad, yaani nyumba iliyojengwa kuzunguka ua. Dirisha langu lilitazama uani, la njiani halikuwepo, na siku ya kwanza nilinung'unika kweli. Mchana jua lilipowaka ndipo nikaelewa: ukuta mnene, kivuli, maji yanachuruzika katikati ya ua, chumba kimepoa. Ila mjue sauti za uani hupanda. Wageni wakikaa chini kuongea usiku, kila neno linakufikia kitandani.

Na gari haliingii kwenye mji ule wa kale. Linakushusha langoni, mzigo unaendelea kwa mkokoteni. Mwombeni mwenye hoteli atume mtu awapokee, kwani simu yangu ilipoteza njia kwenye kona ya tatu tu.

—

Alfama, mtaa wa kale wa Lisbon, Ureno: mawe na ngazi mwanzo mwisho. Begi la magurudumu liacheni nyumbani.

—

Mimi yalinikuta mengine. Ndege ilichelewa, nikafika saa sita usiku, mlango umefungwa na kengele haijibiwi. Hoteli nyingi za aina hii hazina mtu wa mapokezi usiku kucha. Nilikaa kibarazani karibu saa nzima, na iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshalipa. Ulizeni mapema: nikichelewa, ufunguo naupataje?

—

Mimi nilisafiri na mama, magoti yanamsumbua. Nilipouliza habari ya lifti, mwenye hoteli alinieleza kwamba jengo limehifadhiwa kisheria, hawezi kubomoa sakafu wala kugusa ngazi bila kibali. Nikataka kughairi. Akaniambia nimpe siku moja. Tulipofika tukakuta chumba kidogo cha chini, walichokuwa wakiwekea vitabu, kimetandikwa kitanda na taa imesogezwa karibu na mto. Hoteli kubwa ingeniambia vyumba vimejaa, basi. Mama alilala humo siku nne, na kila jioni aliacha mlango wazi ili asalimiane na wanaopita uani.