Pampu ya maji kwa Hiace ya kupigia kambi: diaframu, ya kuzamisha au ya mguu?

Boksi_Nax (Nakuru)
Habari wadau. Hiace inageuzwa nyumba ya safari. Kitanda na makabati tayari, yamebaki maji. Fundi anasisitiza pampu ya diaframu ya volti 12 (ya kiwambo cha mpira, hujizima mfereji ukifungwa), dukani wanasema ile ndogo ya kuzamisha inatosha na ni rahisi zaidi. Ipi itadumu? Nanunua wiki hii.

WayaMbili
Tangi lita ngapi? Mifereji mingapi? Utaoga humo au ni sinki tu? Una betri ya pili? Bila hayo tunakisia tu.

Dunga_254 (Kisumu)
Ya kuzamisha. Unaitumbukiza kwenye mtungi wa lita 20, waya mbili, mfereji wenye swichi ndani yake, kwisha. Ikifa njiani unachomoa na kutia nyingine bila kubomoa kabati.

WayaMbili
Kwa sinki, sawa. Ila presha yake ni ndogo, ikizunguka bila maji inaungua, na mara nyingi swichi ya mfereji hufa kabla ya pampu yenyewe. Ukiongeza bafu la hita ya gesi, maji yasiposukuma vya kutosha hita haiwaki. Hita yenyewe ifungwe nje ya gari, tafadhali. Kaboni monoksaidi haina harufu.

Mama_Sola
Diaframu, lakini ufungaji ndio huiua. Kuna gari lililetwa gereji betri ikiwa imekufa, mwenyewe akilaumu sola. Sola ilikuwa nzima. Tangi lilitobolewa kwa drili na halikusuuzwa, na chujio la wavu la kwenye mdomo wa pampu halikufungwa. Vipande vya plastiki vikaingia kwenye vali, presha ikashindwa kufika psi 35 ambapo swichi hukata umeme, pampu ikaunguruma usiku kucha. Ampea 5 kwa saa 9 ni Ah (ampea-saa) 45, karibu nusu ya betri ya Ah 100, na betri ya asidi haipendi kushushwa hivyo mara kwa mara. Matumizi ya kawaida ya dakika 10 kwa siku hayafiki hata Ah 1!

Kwa hiyo mpangilio ni huu: tangi, koki, chujio, pampu, tangi dogo la presha, kisha mifereji. Tangi dogo lijazwe upepo kidogo chini ya presha ambayo pampu huanzia. Pima kwa geji ya magurudumu, pampu imezimwa na mfereji uko wazi. Pande zote mbili za pampu weka paipu laini ya nusu mita, si PPR (ile ngumu ya plastiki), la sivyo mtetemo utalegeza viungo na kelele itakuamsha. Miguu yake ya mpira usiikaze hadi ibonyee. Waya wa 2.5 mm², fyuzi ya pampu, na swichi kuu karibu na mlango. Ukilala, zima.

KibuyeSpea
Nyote mnapoteza maji. Diaframu ya lita 11 kwa dakika inamaliza tangi la lita 60 kabla ya dakika 6. Pampu ya mguu haina waya, mikono yote miwili iko huru kunawa, na ukiacha kukanyaga maji yanakoma.

WayaMbili
Uogee pampu ya mguu kwenye baridi ya Timboroa asubuhi, halafu urudi hapa utuambie.

Dunga_254
Ukijaza maji ya ziwa, hilo chujio la wavu utalisafisha kila mara. Ongeza la kaboni uyanywe.

Mama_Sola
Kaboni haiui vijidudu, chemsha au tia klorini. Na kwa maji ya visima vya Nakuru haiondoi floridi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Kuchemsha nako kunaizidisha makali, maana maji yanapungua, yenyewe inabaki. Inayosaidia ni mkaa wa mifupa.

KibuyeSpea
Mkaa wa mifupa ukishajaa unaacha kushika, na kwa macho huoni tofauti. Maji ya kunywa yakae kwenye mtungi wake, yasipite pampu yoyote.

Mama_Sola
Hapo nakubali. Lakini mifupa iliyochomwa vibaya inanukisha maji, nunua iliyotayarishwa.

Boksi_Nax
Asanteni. Tangi ni lita 80, litakaa nyuma kabisa karibu na mlango. Betri ya pili ipo. Bafu bado sijaamua.

WayaMbili
Kilo 80 nyuma ya ekseli? Lisogeze mbele yake, na utie vizuizi ndani maji yasipige huku na huku. Kuhusu bafu amua kwanza, usinunue kitu.

Dunga_254
Hata asipoamua, ya kuzamisha inatosha.