Viwanja vitupu mjini: wanaolima bustani wapewe mkataba mrefu au wasiruhusiwe kabisa?

Wadau, naomba tujadili jambo hili kwa uzito wake. Karibu kila mji una viwanja vilivyokaa tu miaka nenda miaka rudi, majani yamefika kiunoni, watu wanatupa taka usiku. Majirani wakiomba kulima mboga, mji unawapa kibali cha mwaka mmoja ambacho kinaweza kufutwa wakati wowote. Wengi wanaona hiyo ni hisani. Mimi naona ni dhuluma, na ningependa anayepinga anipinge kwa hoja.

Nilikuwa mmoja wa majirani kumi na wanne waliopewa kibali cha aina hiyo. Mwaka wa kwanza hatukuvuna kitu cha maana. Ardhi yenyewe ilikuwa kifusi mtupu: ukipiga jembe linagonga tofali, ukiinama unaokota misumari na vipande vya vigae. Tukaanza kukusanya maganda ya jikoni, majani makavu na samadi, tukatengeneza mboji. Mboji ikikubali utajua tu. Ukiifunua asubuhi ya baridi inafuka mvuke, na ukizamisha mkono ndani unautoa haraka kwa joto. Mwaka wa tatu ndipo nilipochimba tuta nikakuta udongo mweusi unaomeng'enyeka vidoleni, na nyungunyungu kila mahali. Siku ile niliwaita wenzangu waje waone.

Mwaka wa nne ikaja barua: siku thelathini muwe mmeondoka. Tingatinga likakwangua ile tabaka ya juu, sentimita kama ishirini hivi ambazo ndizo zilikuwa kazi yetu yote, likaichanganya na kifusi pembeni. Nikipita pale leo, ni majani na taka kama zamani.

Ndiyo maana nasema muda ndio kiini cha suala zima. Mbegu utapata, majembe utaazima, lakini udongo hauna njia ya mkato. Na watu vilevile. Ilituchukua miaka miwili hadi zamu za kumwagilia zikakaa sawa, hadi mtu akajua kwamba jirani fulani akiumwa, fulani atamshikia tuta lake na kumpelekea mboga mlangoni. Tulipotawanyika, mtandao ule haukurudi. Tunaonana barabarani tunasalimiana, basi.

Haya si mageni duniani. Los Angeles kulikuwa na shamba la ekari 14 lililolimwa na familia zipatazo 350 kwa zaidi ya miaka kumi. Jiji likaiuza ardhi mwaka 2003 kwa mmiliki wake wa zamani, na Juni 2006 wakulima wakaondolewa na polisi. New York, mwaka 1999, serikali ya jiji ilitaka kupiga mnada bustani za jamii zaidi ya mia moja, zikaokolewa kwa sababu mashirika ya hiari yalichanga fedha yakazinunua. Upande wa pili tazameni Uingereza. Sheria ya mwaka 1908 inazitaka halmashauri kutenga vipande vya kulima pale wakazi wanapovihitaji, na ya mwaka 1925 ikaongeza kwamba eneo lililonunuliwa au kutengwa kwa kazi hiyo haliuzwi bila idhini ya waziri. Vipande vingi vya namna hiyo vinalimwa hadi leo. Hao ni wakulima kama sisi, wenye karatasi nzito kuliko yetu.

Sasa hoja za upinzani, maana zipo na nyingine ni za kweli.

Ya kwanza ni makazi: watu hawana pa kulala, nyinyi mnatafuta pa kupanda nyanya. Hoja hii naiheshimu. Kama kuna mpango wa nyumba, wenye fedha na tarehe, zijengwe, na wakulima waambiwe tangu mwanzo ili walime kwenye makasha na magunia wanayoweza kuhama nayo. Ninachokataa ni kutumia jina la wasio na makazi kulinda kiwanja ambacho mwenyewe anasubiri tu bei ipande. Ipo pia hofu kwamba bustani nzuri ikipendezesha mtaa, kodi za nyumba zitapanda na waliolima watahamishwa na mafanikio yao wenyewe. Hofu hiyo sina jibu lake kamili.

Ya pili: bustani haziwezi kulisha mji. Kweli, haziwezi. Nafaka zinahitaji mashamba makubwa na zitaendelea kutoka vijijini, na anayeahidi vinginevyo anaharibu hoja yetu. Lakini mboga za majani hunyauka njiani, kwa hiyo zina faida kubwa zikilimwa karibu na mlaji. Havana ilijifunza hilo kwa shida: Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, Kuba ikakosa mafuta na mbolea, na watu wakageukia viwanja vitupu. Palipokuwa na udongo mbaya walijenga vitalu vya kuta fupi wakavijaza mboji. Na serikali iliwapa haki ya kuitumia ardhi bila malipo, mradi wanailima. Bila haki hiyo sidhani kama kuna mtu angejitesa kubeba mboji.

Ya tatu ni sumu, na hapa nawaomba wakulima wenzangu tusijitetee kwa mdomo tu. Udongo wa mjini unaweza kuwa na madini ya risasi kutoka rangi za zamani na petroli ya miaka iliyopita, nayo hayaozi. Upimwe kabla ya jembe la kwanza. Ukikutwa na tatizo, lima kwenye vitalu vilivyoinuliwa vyenye udongo safi, funika njia kwa matandazo vumbi lisiruke, osha mboga vizuri. Hatari kubwa ni kwa watoto wanaotia mikono mdomoni. Gharama ya kupima aibebe mwenye ardhi.

Pendekezo langu: mkataba wa miaka kumi kwa ardhi ya umma, notisi ya mwaka mzima inayoisha baada ya mavuno, bomba la maji lenye mita, na wakulima wakiondolewa, udongo wao wa juu uchotwe upelekwe eneo jipya kwa gharama ya anayewaondoa. Kama mji hauwezi kutoa hayo, useme hapana mapema, watu wasichimbe.

Ninaowahitaji zaidi katika mjadala huu ni waliowahi kufanya kazi za mipango miji. Mkiwa ndani ya ofisi, ni kitu gani hasa kinawazuia kusaini miaka kumi: sheria, au hofu ya kuja kuulizwa kwa nini mlisaini?