Naomba ushauri: Nextcloud kwa data za utafiti

Wakuu, habari za leo. Kikundi chetu cha utafiti wa afya hapa Tanzania kinataka kuweka data kwenye seva yetu wenyewe kwa kutumia Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kushirikishana faili. Majibu ya vipimo vya wagonjwa hayafai kuzagaa kwenye akaunti binafsi za watu, hasa tangu ije Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Wenzetu wa vyuo vingine niwape linki yenye nywila na tarehe ya mwisho, au kila mtu awe na akaunti yake? Kinachoninyima usingizi zaidi ni nakala rudufu: mtu akifuta faili kwenye laptopu iliyounganishwa, linafutika na kwenye seva. Nyinyi nakala mnaziweka wapi, na umeme ukikatika ghafla hifadhidata mnailindaje?