Wimbo wa mwisho kwenye albamu, unaendana na wenzake au umepachikwa tu? Tupeane uzoefu

UpandeB
Wakuu, habari za jioni. Jana nimepanda daladala ya Mbagala, dereva kaweka Uprising ya Bob Marley tangu wimbo wa kwanza. Nikasema leo foleni haina shida. Tumefika Mtongani, Forever Loving Jah inaishia, nikajiweka sawa kusubiri wa mwisho, Redemption Song. Dereva akachomoa flashi, akaweka mambo mengine. Nikamuuliza, mbona umekatisha? Akanijibu, "Ule si wa albamu hii, mzee. Hauna ngoma."

Sijalala vizuri. Maana ukitazama, hakusema uongo. Nyimbo tisa zote bendi ipo kamili: besi ya Aston Barrett inagonga kifua, mdogo wake Carlton yuko kwenye ngoma, I-Threes wanaitikia. Wa kumi Bob yuko peke yake na gitaa. Albamu imetoka 1980, mwaka uliofuata mwezi wa tano akafariki Miami. Mimi naamini ule wimbo ndio unaobeba tisa zote mgongoni, lakini nataka kusikia yaliyowakuta wenzangu. Si lazima Bob, albamu yoyote.

FundiKanda_Tanga
Umenigusa penyewe. Nimerekodia watu kanda Tanga miaka kumi na zaidi. Mteja anakuja na kanda ya dakika 60, anataka albamu mbili, moja kila upande. Upande mmoja ni dakika 30. Uprising ina dakika kama 36. Piga hesabu. Forever Loving Jah inakatika, Redemption Song haiingii kabisa. Kwa hiyo wapo watu wengi tu Tanga waliokua wakijua albamu ile ina nyimbo nane na nusu, na mkono ulioikata ni huu wangu.

Wenye uwezo walileta ya dakika 90. Hapo albamu inaenea upande mmoja na inabaki nafasi kama dakika tisa. Mteja hataki nafasi tupu, anakwambia "jaza". Najaza rumba. Kuna kijana alinirudia baada ya miaka, kanunua CD yake dukani, kaja amekasirika kwamba CD ni feki kwa sababu baada ya Redemption Song hakuna rumba.

MamaPacha
"Jaza"! Umenirudisha mbali sana, mkuu.

Nyali84
Mimi niko Mombasa, ya kwangu ni Graceland ya Mmarekani Paul Simon, 1986. Babangu alikuwa nayo kwenye gari, tukienda Voi tukirudi ni hiyo. Kwangu ile ni albamu ya Afrika Kusini: gitaa la Ray Phiri, besi ya Bakithi Kumalo, sauti za Ladysmith Black Mambazo. Unafika mwisho mwisho unakutana na nyimbo mbili za Wamarekani watupu, moja na watu wa Louisiana, ya kufungia na Los Lobos wa Los Angeles. Nilikuwa mtoto na nilikuwa nauliza, "Baba, hii ni kanda nyingine?" Mpaka leo nasema zimepachikwa. Umealikwa pilau, mwisho unaletewa mkate na siagi.

Kodiani
Nyali84, sikiliza tena na usikilize kodiani. Wimbo wa kwanza kabisa unafunguliwa na kodiani ya Forere Motloheloa wa Lesotho. Sasa nenda kwenye zile mbili za mwisho: Louisiana kodiani, Los Lobos kodiani. Paul Simon alitoka kwao akakuta kwa Wasotho chombo ambacho hata kwao kipo, akarudi nacho nyumbani. Albamu imeanza ugenini imeishia kwao. Mimi nilipiga kodiani kwenye kikundi cha taarabu miaka sita, hilo sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Nyali84
Nimesikiliza. Kodiani ipo, kweli. Ila chombo kimoja hakifanyi watu kuwa ndugu.

Kodiani
Basi hata Redemption Song na tisa zake si ndugu, maana gitaa ni lile lile.

SaaYaBluzi
Wazee wa disko wako wapi? Thriller ya Michael Jackson ina nyimbo tisa, saba zilitolewa kama singo. Ya kufungia, The Lady in My Life, haikutolewa. Nani anaizungumzia leo? Lakini kwetu Morogoro ndiyo ilikuwa saa ya bluzi. Taa zinazimwa, unavuka ukumbi kwenda kumwomba dada wa watu. Inaendana na albamu? Inaendana na maisha. Ukimaliza Billie Jean umelowa jasho, unahitaji mahali pa kutua.

Mfano wa pili, Bad ya 1987. Imefungwa na Smooth Criminal, na hakuna albamu iliyofungwa vizuri kuliko hiyo duniani.

CD_Halisi
Sahihisho. Bad inafungwa na Leave Me Alone.

SaaYaBluzi
Mkuu, nilikuwa na kanda. Smooth Criminal, kisha kimya, kisha unageuza.

CD_Halisi
Na mimi nina CD hapa mkononi. Namba 11, Leave Me Alone. Tusipotoshe vijana.

SaaYaBluzi
Kijana wewe ulikuwa umezaliwa 1987?

FundiKanda_Tanga
Acheni kugombana, wote mko sawa. Sahani na kanda zilikuwa na nyimbo kumi. Leave Me Alone iliwekwa kwenye CD tu.

CD_Halisi
Ndiyo maana nasema iliyo kamili ni CD.

SaaYaBluzi
Iliyo kamili ni ile waliyoisikia walionunua kwanza.

MtotoWaNgambo
Asalaam alaykum. Huwa nasoma tu, siandiki. Lakini hilo la kanda ya dakika 90 na zile dakika tisa zilizobaki limenitoa usingizini, na niseme leo jambo ambalo hata mke wangu nimemweleza juu juu.

Babaangu alikuwa Muscat akifanya kazi. Simu hatukuwa nayo, na bi mkubwa, mamaangu, kusoma barua alikuwa anasomewa na watu, hapendi. Kwa hiyo baba alikuwa anatuma kanda. Anakaa chumbani kwake kule anazungumza mpaka kanda inaisha, anampa msafiri. Ikifika Unguja majirani wanaitwa, mkeka unatandikwa, redio inawekwa katikati. Bi mkubwa anaijibu ile kanda kama mtu yumo ndani: "Ehe", "Kweli hiyo", "Hapo umesahau".

Mwaka huo mie nilikuwa darasa la saba skuli. Rafiki yangu kaazima Uprising kwa usiku mmoja tu, na mie kanda tupu sina, pesa sina. Nikachukua mojawapo ya kanda za baba. Nilijiambia zipo nyingi, na hii wameshaisikiliza mara nne. Wakubwa mnajua kule juu ya kanda kuna vile vipande viwili vya plastiki, ukivivunja redio haikubali kurekodi tena. Baba alikuwa anavivunja kila kanda. Nikakunja karatasi ya daftari nikaziba vile vitundu. Naikumbuka karatasi yenyewe, ya mistari ya buluu. Nikabonyeza vitufe viwili pamoja, nikarekodi Bob Marley juu ya babaangu.

Mwaka uliofuata habari zikaja kupitia simu ya dukani kwa jirani. Baba kafariki, kazikwa huko huko. Siku ya hitma, watu wakishakula, wanawake wamekaa ukumbini, bi mkubwa akasema, "Nileteeni kanda yake tumsikie." Ndugu yangu kaenda kabatini akashika ya juu. Mie nimesimama mlangoni naiona ile karatasi bado imo kwenye kitundu. Mdomo haukufunguka. Akabonyeza. Likaingia gitaa na ngoma za Coming in from the Cold katikati ya wanawake waliojifunika kanga, misahafu haijarudishwa. Bi mkubwa akaizima. Hakuuliza nani, alinitazama tu. Nikenda kukaa chooni mpaka magharibi.

Usiku nikasikia redio chumbani kwake, sauti ya chini. Alikuwa ameiacha izunguke. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, yeye kakaa kitandani na tasbihi. Alikuwa anatafuta kama kimebaki chochote. Mie nje ya pazia nahesabu nyimbo, maana nilikuwa nazijua zote. Ikafika ya mwisho. Bob na gitaa lake, hakuna kingine. Gitaa likaisha. Ikalia "tak", pale nilipobonyeza kuzima ile siku. Ukapita mvumo wa kanda, kisha babaangu akakohoa.

Akaendelea na salamu zake, jirani mmoja mmoja kwa jina. Bi mkubwa akasema "Ehe." Kisha akaniita, "Njoo." Nikaingia nikakaa chini tukamsikiliza, dakika nane na kitu, mpaka kanda ikagota. Hakunipiga, hakunitukana. Aliuliza tu, "Ulizibaje vile vitundu?" Nikasema, kwa karatasi.

Sasa mnajadili kama ule wimbo unaendana na albamu. Kwangu, ungekuwa na ngoma, kile kikohozi kingekuja kama kitu cha kushtua. Kwa vile ni mtu mmoja na gitaa, ukiisha wimbo ni mtu mmoja anakaa kimya na mwingine anaanza kusema, chumba kile kile. Mwanangu alininunulia CD ile iliyotolewa upya 2001. Nikaisikiliza mpaka Redemption Song, nikasubiri. Badala ya baba ikaja Redemption Song tena, safari hii na bendi nzima. Niliinuka kwenye kiti nikaizima. Sijaigusa tena.

MamaPacha
Nimesoma nikiwa kazini, nimelazimika kutoka nje. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee.

UpandeB
Aisee. Sikutegemea uzi huu ufike huku. Pole sana kaka.

Nyali84
Pole ndugu. Sisi pia tulikuwa na kanda za shangazi kutoka Dubai. Sijui ziko wapi. Naenda kuuliza nyumbani leo hii.

CD_Halisi
Pole sana mkuu. Mimi nataka niulize bila ubaya: kanda bado ipo? Kama ipo, iingize kwenye kompyuta haraka kabla haijaharibika. Unahitaji waya mmoja tu kutoka kwenye tundu la spika za masikioni.

FundiKanda_Tanga
Msikubali waya wowote tu! Kanda ya umri huo usiibonyeze kwenye redio usiyoijua, itaitafuna. Kwanza safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Kisha izungushe yote kwa penseli, polepole, mbele na nyuma, ndiyo uipige. Ukisikia inalia kama panya, toa hapo hapo.

Kodiani
Mimi nimeambiwa kinyume, kwamba kuizungusha kwa mkono ndiko kunakoikata. Iache kama ilivyo, iwekwe mahali pakavu.

FundiKanda_Tanga
Umeambiwa na nani? Kanda isiyozungushwa inagandana. Hapo pwani na chumvi yetu ndiyo usiseme.

SaaYaBluzi
Weka kwenye debe la mchele. Bibi yangu alihifadhi vyeti, picha na redio kwenye mchele, vyote vizima.

MamaPacha
Jamani mchele tena! Mpelekeni mtu kwa fundi.

Mwanafunzi_Mkongwe
Nimechelewa, ila niongeze hili la Redemption Song. Yale maneno ya kujikomboa na utumwa wa akili yanatoka kwenye hotuba ya Marcus Garvey, Mjamaika mpigania haki za watu weusi, aliyoitoa Nova Scotia, Kanada, 1937. Bob alichukua maneno ya mtu mwingine aliyekwisha kufa, akayaweka mwisho wa albamu yake, na albamu yenyewe ikawa ya mwisho kutoka akiwa hai. Kwa hiyo tangu mwanzo ule wimbo ulikuwa na sauti ya marehemu ndani yake. Dereva wa Mbagala angeuacha ucheze.

UpandeB
Nikimkuta tena nitamsomea haya.

CD_Halisi
Kuhusu zile nyongeza za CD, nakubali nusu. Ya Bob isingewekwa pale. Lakini Leave Me Alone haijamkosea mtu.

SaaYaBluzi
Imenikosea mimi.

MtotoWaNgambo
Nawashukuru kwa dua. Kanda ipo, imo kwenye bahasha ndani ya Kurani ya bi mkubwa, naye pia kashatangulia. Nitaipeleka kwa fundi, nitafuata ya spiriti na pamba. Mchele hapana.

Nyali84
Ndugu, samahani kama nauliza sana. Mzee alisema nini mwisho kabisa, kabla kanda haijagota?

MtotoWaNgambo
Alikuwa anazungumzia nyumba. "Na ule mlango wa uani, mwambieni fundi asi—" ikakatika hapo.

FundiKanda_Tanga
Asifanye nini?

MtotoWaNgambo
Kanda iliyofuata alianza na habari nyingine. Mlango hatukuugusa miaka kumi na moja, bi mkubwa alikataa.