LAX kwenda Narita: mbona saa za tiketi hazilingani na umbali?

Mpitanjia
Wakuu, habari zenu. Januari nasafiri kutoka Los Angeles (uwanja wa LAX) kwenda Tokyo (uwanja wa Narita). Kikokotoo cha mtandaoni kinanipa kilomita kama 8,800, na kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa haifiki hata saa 10. Tiketi inasema naondoka saa 5 asubuhi, nafika saa 10 alasiri kesho yake. Kurudi ndiyo kituko: naondoka Tokyo saa 11 jioni, nafika LAX saa 4 asubuhi ya siku ileile! Nauliza kwa sababu nina dawa ya kumeza kila baada ya saa 12, na hoteli sijui nilipie kuanzia tarehe gani.

Kipanga
😂 Unafika kabla hujaondoka.

Tausi77
Tiketi iko sawa mkuu. Kila saa iliyoandikwa ni ya uwanja husika, na Januari Tokyo iko mbele ya Los Angeles kwa saa 17. Ukiondoka saa 5 asubuhi, Tokyo ni saa 10 alfajiri ya kesho yake. Toka hapo hadi saa 10 alasiri ni saa 12. Kurudi, saa 11 jioni ya Tokyo ni saa 6 usiku LA, tarehe ileile ndiyo kwanza inaanza. Safari ni saa 10.

RubaniWaKochi
Hizo saa mbili za tofauti ni upepo. Kilomita kama 10 juu kuna mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na juu ya Pasifiki majira ya baridi unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Kwenda unapambana nao, kurudi unakusukuma. Kikokotoo chako kinagawanya tu, upepo hakiujui. Tena tiketi huhesabu tangu ndege inapoondoka getini hadi inaposimama geti la pili, foleni ya kuruka ikiwemo. Hata zile 8,800 ni njia fupi kabisa, inayopinda kaskazini kuelekea visiwa vya Aleutian, kule Alaska. Ndege yako si lazima iifuate. Njia za pale hupangwa upya kila siku kulingana na upepo.

Mpitanjia
Aisee, shukrani. Na dawa je?

Tausi77
Saa yako iache kwenye muda wa LA hadi ushuke. Ukimeza saa 4 asubuhi kabla ya kupanda, dozi inayofuata ni saa 4 usiku kwa saa hiyohiyo, ukiwa bado angani. Kwa hiyo dawa ikae begi la mkononi. Kuhamia ratiba ya Tokyo, hilo muulize daktari wako, zipo dawa zisizotaka kubahatisha. Hoteli lipia kuanzia tarehe ya kufika.

Kipanga
Utani pembeni, Japani ni wakali kwa dawa. Za kuandikiwa na daktari zikizidi za mwezi mmoja, omba kibali kabla ya kusafiri, na nyingine haziruhusiwi kabisa. Na ukiahirisha hadi Aprili, hesabu upya: Marekani husogeza saa mbele mwezi Machi, Japani hawasogezi, tofauti inakuwa 16.