Kutoka otomatiki kwenda gia za mkono: waya za injini tuzifanyeje?

Kijana_Magongo
Salaam wenzangu. Nina Corolla 110, injini 5A-FE. Giaboksi ya otomatiki imekufa, nimepata ya gia za mkono pamoja na pedali na klachi. Fundi mmoja anasema tuunganishe waya mbili tu gari liwake. Mwingine anataka ninunue wayaringi nzima (fungu lote la waya za gari) na kompyuta ya gari la gia za mkono. Hili ni gari la kazi, nifuate lipi?

FundiWaya_Kisauni
Wayaringi nzima ina raha yake, kila soketi inakaa mahali pake. Lakini lazima itoke kwenye gari la mfano uleule, na dashibodi yote ishuke. Ukiletewa iliyokatwakatwa umenunua ugonjwa. Kwa 110 mimi ningebaki na waya zako.

Ila kabla giaboksi mbovu haijashuka, pima swichi yake ya P (kuegesha) na N (gia huru), ile inayoruhusu gari kuwaka kwenye gia hizo tu. Chomoa betri, chukua mita, fundi mwenzio asogeze gia. Jozi ya waya inayopitisha umeme kwenye P na N na kukata kwenye R (rivasi) na D (kwenda mbele) ndiyo ya stata. Inayopitisha R peke yake ni ya taa za rivasi, hiyo ipeleke kwenye swichi ya rivasi ya giaboksi mpya. Usiende kwa rangi za waya.

Binti_Bombolulu
Kwa Corolla NZE, zile zilizofuata baada ya 110, mambo ni mengine. Pale kompyuta ndiyo inayoongoza solenoidi (vali za umeme) za giaboksi. Ukizichomoa, taa ya injini inawaka na kompyuta inatoa namba ya hitilafu kama P0753. Kuna wanaodanganya kompyuta kwa rezista (kipinga umeme) mahali pa solenoidi, lakini ile ndogo ya redio itaungua: volti 12 kwenye omu 12 ni wati 12 za joto. Kwa gari la aina hiyo mimi natafuta kompyuta ya gia za mkono, na kama lina imobilaiza (kinga ya wizi inayotambua ufunguo), ufunguo wake uje nayo.

Dereva_Likoni
Kijana, hizo waya mbili zikiunganishwa tu, gari litawaka hata gia ikiwa ndani. Uko kwenye foleni ya feri, limezimika, unapiga ufunguo bila kukanyaga klachi: linaruka na mbele yako kuna watu wa miguu. Tafadhali usikubali hilo.

Kijana_Magongo
Nimeelewa, ahsanteni. Basi swichi ya klachi niiweke badala ya ile ya P na N?

FundiWaya_Kisauni
Hapana. Ukifanya hivyo, kila unapoachia pedali kompyuta inadhani umeweka D. Unganisha ile jozi ya stata ibaki imeungana, halafu kata waya wa stata unaotoka kwenye ufunguo, kabla haujaigawia kompyuta, na hapo ndipo swichi ya klachi ikae. Kompyuta inaona N muda wote, na stata haipati umeme mpaka ukanyage.

Viungo vyote vitiwe lehemu na mpira wa kubana kwa joto. Tepu peke yake haifai hapa kwetu, chumvi ya bahari inakula shaba hadi ndani ya ganda. Na hakikisha sensa ya spidi ya giaboksi mpya inaingia kwenye soketi yako, la sivyo mshale wa spidi utalala.

Dereva_Likoni
Ongeza na kufuli ya P, ile inayozuia ufunguo kutoka mpaka gia iwe P. Kwenye gari lililo nayo, ukiondoa mkono wa gia wa otomatiki ufunguo unaweza kukataa kutoka. Mwambie fundi aishughulikie siku hiyohiyo dashibodi ikiwa bado wazi.