Bastola yenye leseni ndani ya nyumba: tupeane uzoefu

Mwana Mburahati: Wakuu, tukitaja bunduki hapa Dar watu wanawaza majambazi. Wanakumbuka Stakishari, Julai 2015, askari walipouawa kituoni na silaha zikaporwa. Wanakumbuka Agosti 2021, mtu mwenye silaha alipoua askari karibu na ubalozi wa Ufaransa. Mimi naomba tuongelee ile ya halali, iliyolipiwa ada, inayolala kwenye kabati la nguo la mtu tunayemjua.

Naanza. Baba yetu alikuwa na duka Kariakoo na bastola ya kujilinda. Kwenye uhakiki wa silaha wa 2016, ule ambao hata Rais Magufuli alihakiki zake, mzee aliwahi mapema na karatasi zote safi. Alipofariki, matanga hayajaanuliwa kaka zangu wakaanza kuvutana nani abaki nayo. Tayari walikuwa na ugomvi wa duka. Baba mdogo akawaita chumbani, akawaambia leseni ilikuwa ya marehemu peke yake, na silaha hairithiwi kama shamba. Akamchukua mjumbe, wakaipeleka polisi siku hiyo hiyo pamoja na risasi zake, wakaandikishana. Duka bado wanaligombania mahakamani. Kwa hasira nilizoziona siku ile, namshukuru sana baba mdogo.

Kaunta Sinza: Pole kwa msiba, dada. Mimi nahudumu baa. Kuna mteja akishalewa anaitoa kiunoni anailaza mezani, pembeni ya chupa. Hatishi mtu kwa mdomo, ila hapo hakuna wa kumpelekea bili. Siku moja mtoto wa jikoni alipita na sinia, akaigusa kwa kiwiko, ikaanguka chini. Haikufyatuka, lakini sote tulilala sakafuni. Bosi alimpigia mkuu wa kituo waziwazi mbele ya wateja. Yule bwana hajarudi.

Lindo la Usiku: Sisi walinzi tunasaini daftari tukichukua bunduki, tunasaini tukirudisha, risasi zinahesabiwa. Bosi ninayemlinda yake huiacha kwenye gari, mlango wa mbele, watoto wakipelekwa shule. Nilimwambia kwa adabu. Alicheka.

Nesi wa Temeke: Niongeze la wodini. Mume na mke wakigombana kwa ngumi, tunashona, tunapiga picha ya eksirei, tunaita ustawi wa jamii, wanarudi nyumbani wakiwa hai wote wawili. Ikiwepo bastola karibu, hasira ya dakika moja inatosha. Na si ugomvi tu. Mtu aliyekata tamaa ya maisha akinywa kitu, mara nyingi tunapata nafasi ya kumwokoa. Risasi haitupi nafasi hiyo. Ukijua ndani kuna mtu mwenye msongo mzito, toa silaha humo kwanza, mengine yafuate.

Kkoo Jumla: Jamani, na sisi tunaobeba mauzo? Mimi nimeshavamiwa na bodaboda, nimevunjwa mkono. Nina leseni na siioni aibu. Ila risasi ziko kwenye sefu, bastola iko kwingine, na ufunguo mke wangu hajui ulipo wala watoto.

Mjumbe Tabata: Mkuu, wewe umeitunza vizuri, lakini tatizo linaanza kabla hujainunua. Maombi yanaanzia kwetu mtaani, ndiyo yanapanda kata, wilaya, hadi polisi. Huko juu wanaangalia kama una rekodi ya jinai. Tabia yako tunaijua sisi majirani. Sasa fikiria mtu mwenye gari na nyumba ya ghorofa, anachangia kila harambee, amekuja na fomu. Nani wa kumwambia hapana? Muhuri unagongwa kwa kuoneana haya.

Kikao kimoja lililetwa jina la mtu ambaye mkewe alishakimbilia kwangu usiku akiwa peku, na mtoto mgongoni. Wajumbe wote walijua. Wakanyamaza. Nikasema huyu mkewe aulizwe kwanza, tena akiwa peke yake. Palikuwa na kelele, nikaitwa mchonganishi. Mwenyekiti akakubali, mama akaulizwa, akalia tu. Jina halikupita. Sheria ya Udhibiti wa Silaha ya 2015 ipo, lakini kikao chetu ndicho mlango wake wa kwanza, na mimi ningependa kila mtaa umuulize mke au mume kabla ya muhuri.

Nesi wa Temeke: Shikamoo mjumbe. Hilo la kumuuliza mke liandikwe kwenye fomu kabisa.

Kkoo Jumla: Naliafiki. Wangu wamuulize.

Mbagala Rangi Tatu: Samahani, mimi bibi ameacha gobore la babu, sidhani kama liliwahi kuwa na kibali. Tukilipeleka si tutakamatwa?

Mjumbe Tabata: Septemba ya kila mwaka Umoja wa Afrika umeufanya mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, na polisi wetu wameshatoa wito wa namna hiyo. Msilibebe wenyewe barabarani. Nenda kwa mwenyekiti wako wa mtaa, awapigie polisi walifuate nyumbani.